Mabawa Manne ya Mnada wa Sadaka

Mujibu alimjua Mwalimu Cecil kuwa mteja kabla mwalimu mwenyewe hajajijua. Mwalimu alikuwa ameegesha Suzuki yake karibu na stendi ya Masasi, amechuchumaa, anatazama matairi mapya mapana yalivyochomoza nje ya bodi kama magoti ya mtu aliyevaa kaptula ya mdogo wake. Mtu anayelitazama gari lake namna hiyo pochi keshaifungua. Bado mkono tu kuingia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Pole sana."

"Pole ya nini?"

"Gari kuwa uchi mbele za watu."

Mwalimu alikuwa amefundisha sekondari miaka ishirini bila kumwonea haya mkaguzi yeyote. Siku hiyo aliona haya kwa niaba ya Suzuki.

Mujibu akafungua kiroba, akatoa mabawa manne: yale mapana meusi ya plastiki yanayofungwa juu ya matairi, mafundi wanayaita ova-fenda. Kazi yake ni kuzuia matope yasirukie milango, ila hilo ni kweli, na Mujibu ukweli humalizia nao kama nafasi ikibaki. Kwanza alieleza kwamba gari lenye mabawa hunywa mafuta kidogo kwa sababu upepo hulibeba. Kwamba ng'ombe hulipisha njia. Kwamba trafiki hupiga saluti kwanza, leseni wanaikumbuka gari likiwa limeshafika Newala.

"Na yanaingia gari langu?"

"Mwalimu, plastiki haibagui."

Akawasha drili. Ilikuwa drili ya betri yenye sauti nzito ya kutia imani, na haikuwa na ncha ya kutobolea. Mujibu alimpa mwalimu mgongo, akaungurumisha, akabandika bawa kwa gundi na utepe wa kunata pande mbili, kisha akapachika vichwa vitupu vya ripiti kwa mstari ulionyooka, kana kwamba vimepigwa ndani ya bati. Kazi safi ya dakika ishirini, isiyoacha tundu hata moja.

"Dhamana ni ya maisha," alisema akipokea noti. "Ila mabawa haya hayampendi dereva mwenye papara. Yakidondoka, ujue si mabawa, ni uendeshaji. Pita njia ya Chiwata, uyajaribu."

Njia ya Chiwata ilikuwa na makorongo ya kutosha kumng'oa mtu meno ya bandia. Siku zote mabawa yalikuwa yakianza kuachia kwenye kona ya kwanza, na Mujibu nyuma na pikipiki akiyaokota moja moja kama mtu anayevuna maboga. Seti hiyo hiyo moja ilikuwa imeshauzwa mara sita tangu msimu wa korosho ufunguliwe, ikiwemo kwa Dickson, mnunuzi wa mbaazi. Hakuna aliyerudi kulalamika. Mwanamume gani wa huku ataenda stendi ya Masasi kutangaza kwamba hajui kuendesha?

Ila safari hii Mujibu hakuwa na pikipiki. Mzee Anderson, mfanyabiashara wa korosho, alikuwa ameshalipia mabawa hayo hayo yafungwe kwenye Landkruza yake Jumatatu, na kwa kuwa mzee huyo hakuzaliwa jana, aliishika pikipiki ya Mujibu kama rehani. "Ukija na mabawa manne, utaondoka nayo. Usipokuja, naipaka rangi nyingine." Mtu mwenye akili angetulia. Mujibu aliumia roho kuyaona mabawa yamelala kirobani Jumamosi nzima bila kuingiza kitu.

Bodaboda aliyoikodi kumfuata mwalimu ikapata pancha. Alipofika kwenye kona, alikuta vumbi.

"Vile vitu vyeusi?" bibi mmoja alimwambia kesho yake asubuhi. "Kina mama wamevipeleka kanisani, baba."

Ndivyo walivyo watu wa huko. Kitu kikiokotwa njiani hutangazwa ibadani. Mwenyewe asipojitokeza, kinaungana na majogoo na maboga kwenye mnada wa sadaka. Mujibu akafika mbio, akasimama dirishani kwa nje.

"Vimeokotwa vitu vinne," padri alikuwa akisoma, "vyeusi, vimepinda. Mwenyewe asimame."

Mwalimu Cecil, benchi la pili, alikuwa anasoma kitabu cha nyimbo kichwa chini miguu juu. Dickson alikuwa anafunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba. Hakuna aliyesimama.

Mnada ulifanyika uwanjani chini ya usimamizi wa Mama Glory, aliyelea watoto saba na kunadi majogoo ya kanisa miaka kumi na miwili.

"Tuna kitu hiki," alisema akiliinua bawa. "Mimi sikijui. Wapo wanaosema ni hori la nguruwe. Nani anaanza?"

Mujibu akanyoosha mkono. Mwalimu Cecil naye, anatazama mawingu. Dickson naye, anatazama viatu. Kila mmoja alitaka kulirudisha lake kimyakimya kabla hajaulizwa lilimtokaje. Mama Glory akaziona zile sura, akaweka kando yale matatu mengine.

"Basi tunauza kimoja kimoja."

"Mama, hiyo ni seti!" ikamtoka Mujibu.

"Seti ya nini, baba?"

"Ya... mahori."

"Kwani una nguruwe wangapi?"

"Wanne."

Jirani yake wa msikitini, Abdulrazaki, aliyekuja kujinunulia jogoo, akashika kichwa kwa mikono miwili.

Bawa la kwanza Mujibu alilipata kwa noti zote alizokuwa nazo, zile za Mwalimu Cecil. La pili Dickson alimpandishia hadi simu ikatoka mfukoni. La tatu mwalimu alikaza shingo, na Mujibu, jasho likimtiririka, akaweka drili mezani. Likabaki moja. Moja tu, na pikipiki yake itarudi.

"Natoa mbuzi," ilisema sauti ya nyuma.

Alikuwa Mzee Anderson.

"Mbuzi mara ya kwanza," Mama Glory alisema. "Mara ya pili. Wa mahori, una la kuongeza?"

Mujibu aliangalia viatu vyake. Mama Glory naye aliviangalia, akatikisa kichwa. "Mara ya tatu!"

Mzee Anderson akaligeuza bawa mikononi. "Mujibu, mwanangu. Mbona hili linafanana na langu la Jumatatu?"

Kabla Mujibu hajapata uongo wa kutosha, Mama Glory alikuwa ameishika drili anaikagua. "Na hii inatoboaje? Haina ncha." Akabonyeza. Ikanguruma uwanja mzima, nzito, ya kutia imani.

Mwalimu Cecil akageuka taratibu. "Sauti hiyo naijua." Akamtazama Dickson. "Na wewe, yalidondoka?"

"Mimi naendesha vizuri sana," Dickson alisema.

"Hata mimi."

Wakatazamana. Ilikuwa mara ya kwanza wazo hilo kuwaingia: kwamba inawezekana wote wawili wanajua kuendesha. Kisha vichwa vikamgeukia Mujibu, na kila aliyekuwa na jogoo akampa jirani amshikie.

"Hapigwi mtu kwenye uwanja wa kanisa," Mama Glory alisema. "Atafanya kazi. Mabawa manne: mwalimu moja, Dickson moja, Mzee Anderson lake la mbuzi, na moja gari la padri. Sadaka."

Seremala mmoja akaazimisha ncha yake. Mujibu akasafisha matope, akaweka alama, akatoboa kweli, akatandika mpira katikati ili bodi isikwaruzike, akakaza bolti moja baada ya nyingine. Kila tundu lilimchoma ini. Hakuwahi kujua kwamba kazi hiyo anaijua.

"Na pikipiki yangu, mzee?"

"Tulisema manne. Nimepata moja, tena nimelinunua mwenyewe."

Jioni magari manne yalijipanga uwanjani, kila moja na bawa moja upande wa kushoto, yameinama kidogo kama watu wanaosikiliza umbea. Ni katika hali hiyo Sadallah wa Tandahimba, mwenye Prado mpya isiyo na deni, alipopita, akasimama, akarudi kinyumenyume.

"Fundi wa hizi ni nani?"

Uwanja mzima ukamwonyesha.

"Nataka hivyo hivyo. Moja. Kushoto."

Mujibu akafuta mikono kwenye suruali. "Yamekwisha, kaka."

Katika miaka yote ya kazi yake, hilo lilikuwa neno la kwanza la kweli kumwambia mteja. Sadallah akacheka, akamsogelea, akamshika bega.

"Mafundi nawajua nyie. Sema bei."

"Kaka, naapa, yamekwisha."

Sadallah akatoa pochi, akaongeza dau mara mbili.