Akina Candelaria May wa Mtaa wa 21

Jumatatu, 8 Mei

Nyuzi joto arobaini na moja. Mérida nzima hakuna wingu hata la dawa, ila lile la kompyuta tunalohifadhia orodha ya wateja.

Doña Landy, mwenye kampuni hii ya mapangaboi, katuita. Mfumo wa wateja umeboreshwa, na kuanzia sasa msimamizi mkuu atakuwa mmoja tu. Sisi tuko wawili: mimi na Noemí Ek. Ijumaa anachagua. Atakayekosa ataruhusiwa kutazama tu, asiguse. Miaka sita nimeshika funguo za mfumo huu! Bila funguo mimi ni nani? Mtu wa kupokea simu.

Noemí ana silaha. Kila Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi huyatumia matawi yote saba barua yake, Dondoo za Msimamizi. Jipya ni lipi kwenye mfumo, kitufe gani ubonyeze, kipi usikaribie. Watu wanaisoma! Wanamjibu kwa mioyo myekundu! Fundi mmoja wa tawi la Tizimín kaniambia eti humsomea mkewe. Nilitabasamu. Moyoni nachemka.

Nimeiamuru barua pepe yangu: chochote cha Noemí kiende takataka moja kwa moja. Roho imetulia.

Jumanne, 9 Mei

Nimeanzisha zangu. Dondoo za Kweli za Msimamizi. Toleo la kwanza: namna ya kutunga nenosiri gumu. Nikatoa na mfano. Kumbe mfano wenyewe ndio nenosiri langu. Kufika saa nne, mtu wa tawi la Valladolid keshaingia kwa jina langu, katoa picha yangu, kaweka ya kenge. Nenosiri nimebadilisha haraka. Picha nitabadilisha kesho.

Noemí kaniletea panucho mbili mezani, vile vichapati vya maharage. Akaniuliza, mwenzangu, dondoo ya jana umeisoma? Nikamwambia nimeisoma neno kwa neno. Akasema afadhali, maana alikuwa na wasiwasi. Panucho nilizishuku, pengine kuna hila. Nimekula zote mbili.

Jumatano, 10 Mei

Sikukuu ya akina mama. Ofisi imefungwa saa sita, kila mtu mbio kwa mama yake. Mimi nimebaki. Mama kapiga simu mara tatu, chakula kinapoa. Nimemwambia nina kazi itakayomfanya ajivunie.

Na ni kweli! Toleo jipya la mfumo lina kitufe cha kuunganisha wateja waliojirudia. Na nimewakamata! Candelaria May, Mtaa wa 21. Yuko mara kumi na moja! Uchafu ulioje. Mtaa wa 21 mimi siujui? Nimezaliwa pale, nyuma ya uwanja wa besiboli. Candelaria May wa Mtaa wa 21 ni mmoja tu duniani, naye ndiye mama yangu mzazi. Nikawaunganisha wote kwa mama. Mfumo ukauliza kama nina hakika, maana hakuna kurudi nyuma. Lini nimekosa hakika?

Alhamisi, 11 Mei

Ole wangu.

Saa mbili asubuhi mama kapiga. Akasema, wewe Hermilo, jana hukuja mwenyewe, leo umeniletea wanaume kumi? Mafundi wote wa mji wamepanga foleni mlangoni, kila mmoja na karatasi yake: Candelaria May, Mtaa wa 21, pangaboi bovu. Pangaboi la mama lilikuwa zima. Kufika fundi wa nne, likawa bovu kweli. Mama akawapikia mayai wote.

Simu nazo zikaanza. Kila kitongoji hapa kina Mtaa wake wa 21, na hakuna anayeandika kitongoji, kwa kuwa kila mtu anaamini 21 ni ule wa kwao. Hata mimi. Candelaria mmoja wa kule Itzimná, miaka themanini na minne, aliniambia amekaa miguu ndani ya ndoo ya maji tangu alfajiri, na je, mwanangu, fundi anakuja? Hapo niliona aibu. Aibu ya kweli, si ya kuandika tu.

Noemí hakunisema. Alikuwa amechukua nakala ya wateja wote jana kabla ya kuondoka. Kufika saa tisa akina Candelaria kumi na mmoja wamerudi, na fundi wa kwanza kampeleka Itzimná. Nikamuuliza, ulijuaje? Akasema si niliandika Jumatatu. Nikaenda kufukua takataka. Ipo. Usiunganishe wateja kwa jina na namba ya mtaa. Chini kabisa kaongeza: Hermilo, hasa wewe.

Ijumaa, 12 Mei

Doña Landy kamchagua Noemí. Nimelia chooni dakika mbili, sifichi.

Halafu Noemí akamwomba niwe na safu yangu ndani ya dondoo zake: Wiki ya Hermilo, mambo ya kutofanya. Imetoka leo mchana. Mioyo thelathini na mmoja! Yeye hajawahi kupita ishirini. Mke wa fundi wa Tizimín amecheka mpaka machozi. Ni wazi nani kashinda.

Jumatatu asubuhi Noemí anampeleka mama yake kwa daktari wa macho. Nitashika funguo mpaka saa sita. Sharti ni moja: nisiguse kitu.

Jumatatu, 15 Mei

Funguo! Sikugusa kitu mpaka saa mbili na robo.

Nilifungua orodha ya wafanyakazi, kutazama tu. Na nini naona? Hermilo Canul mara mbili! Mmoja ana masharubu, eti wa tawi la Valladolid, mwingine ni kenge. Masharubu sina, lakini ningeyafuga yangenikaa vivyo hivyo. Nikamfuta kenge. Sikumuunganisha na mtu, nimejifunza.

Saa tatu. Ajabu, mfumo umenitupa nje. Unasema haunijui. Nikampigia Noemí kumwambia mfumo wake una hitilafu. Akauliza, taratibu kabisa, kama kuna kenge yeyote niliyemfuta.

Amejuaje? Mwanamke huyu ananipeleleza. Leo leo nabadilisha nenosiri.