Kuwekewa X Nikiwa Hai

Boaz Ngusa,
Sebuleni kwa Martina (mpwa wangu),
Kambarage, Shinyanga.

Kwa Mheshimiwa Bi. Mwamvua,
Mwenyekiti wa Mtaa.

YAH: MALALAMIKO YA KUWEKEWA X PAMOJA NA KOCHI

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Kwa umri wewe ndiye ungeniamkia, lakini kwa kuwa muhuri uko kwako, naanza mimi: shikamoo. Mimi ni mzima isipokuwa mgongo, na mgongo huohuo ndio ulionikalisha chini kuandika barua hii.

Nijitambulishe, ingawa naamini sifa zangu zilishafika ofisini kwako zenyewe. Mimi ni yule Boaz wa machimboni, niliyechimba Geita mpaka mawe yakanizoea. Shule niliishia darasa la tano. Sikufeli. Mwalimu alisema akinifundisha zaidi atabaki hana cha kuwafundisha wengine. Kule machimboni nilikuwa nanusa jiwe, nakwambia hili lina dhahabu, hili tupa. Siku moja nikapata mafua, kazi ikasimama kwenye maduara yote, yaani mashimo ya kuchimbia, watu wakakaa juu ya mawe wananipikia uji wa tangawizi ili pua ifunguke.

Nilikuja kwa Martina kupumzika wiki mbili. Wiki zenyewe zimerefuka kidogo. Mtoto wa Martina aliyezaliwa mwezi ule niliofika sasa yuko darasa la nne. Mke wangu Paskazia yuko Didia, analima. Siku naondoka kwenda machimboni nilimwambia, "Mama Amosi, utaniona nikirudi na dhahabu." Mimi si mtu wa kugeuza maneno. Dhahabu haijapatikana, kwa hiyo sijarudi. Naomba hilo ulishike, maana ndiyo sababu siwezi kuhamishwa hapa.

Sasa, Martina na mumewe Abel wamenunua zulia jipya. La manyoya, rangi ya maziwa. Lilikuja limeviringishwa, likasimamishwa kwenye kona kama mgeni rasmi anayesubiri kukaribishwa azungumze. Martina akatangaza kwamba kabla halijatandikwa, makorokoro yote yatoke sebuleni. Akachukua chaki, akaanza kupiga X kwenye kila kinachotakiwa kuondoka, vilevile kama watu wa barabara wanavyopiga X kwenye nyumba za kubomoa. Guta la kubebea vitu linakuja Jumamosi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Amepiga X kwenye kochi, kwenye mgongo wake, kubwa. Mheshimiwa, kochi lile limebakiwa na springi moja, na springi hiyo inanijua. Nikigeuka nayo inageuka. Mtu mwingine akikaa, inamchoma.

2. Amepiga X kwenye pipa la karasha, yaani lile la chuma la kusagia mawe ya dhahabu. Pipa hili nililileta kwa bega langu kutoka Geita. Kondakta alikataa kulipakia, nikamwambia sawa, tangulieni. Basi lilipoingia stendi Shinyanga lilinikuta nimeshakunywa chai. Martina anasema pipa linaziba mlango wa jikoni. Siyo kweli. Mtu mwembamba anapita vizuri, na mtu mnene anapita akivuta pumzi.

3. Namba tatu nitairudia. Abel anapita nyuma yangu.

4. Kuhusu hilo zulia jipya, sikushirikishwa. Nyumba ina mtaalamu wa mazulia, halafu watu wanakwenda dukani peke yao! Kama hujafika machimboni nikueleze: mawe yakishasagwa, unga wake unaoshwa kwa maji juu ya mteremko wa mbao uliotandikwa zulia. Maji na mchanga vinapita, dhahabu inanasa kwenye manyoya. Mimi nimeyatumia mazulia ya kila aina, nayajua kwa kidole. Kwa hiyo, kwa nia njema kabisa, Jumapili wakati wao wako kanisani nililifungua lile jipya upande mmoja, nikaliegemeza kwenye pipa, nikalimwagia ndoo ya tope ili nione kama linanasa. Linanasa, Mheshimiwa. Linanasa ajabu. Tope halijatoka mpaka leo. Badala ya kushukuriwa kwamba nimethibitisha hawakuibiwa dukani, Martina alipiga yowe mpaka majirani wakaja na maji wakidhani tunaungua.

5. Hili ndilo lililoniumiza. Jumatatu baada ya ugali nililala kwenye kochi, kama ilivyo kawaida ya mtu mwenye mambo mengi kichwani. Nikaamka, nikavaa kofia, nikaenda kijiweni kunywa kahawa. Muuza kahawa akaniangalia akasema, "Mzee Boaz, unabomolewa lini?" Mwingine akadakia, "Fidia umelipwa, au unasubiri tathmini?" Binti wa maandazi akahamisha beseni lake: "Sogeeni jamani, asije akatuangukia." Nikavua shati. Mgongoni kuna X, Mheshimiwa. Imekaa katikati sawasawa, kama imepimwa na fundi.

Hata nyumba huwa inapewa notisi. Nyumba haina masikio wala haijawahi kumbeba mwenye nyumba mgongoni alipokuwa mtoto, lakini inapewa karatasi. Mimi niliyembeba Martina hadi zahanati mvua inanyesha, nimepewa chaki.

3. Narudi namba tatu, Abel ametoka. Huyu Abel anadai eti chaki imetoka kwenye kochi. "Mjomba, umeegemea ile X, ndiyo maana iko kwako. Hakuna aliyekuandika." Hoja hiyo nimeikataa. Mtu wa kuandikwa kwa bahati mbaya angeandikwa nusu. Isitoshe nilimuuliza Martina mwenyewe, "Basi mimi nabaki?" Akasema, "Mjomba, kwanza vitu vitoke, mengine tutayaongea." Mengine ni nani kama si mimi?

6. Zulia kuukuu nalo limepigwa X, na hapa ndipo nakuomba ukae vizuri kitini. Tangu nifike, wachimbaji wenzangu wanaopita Shinyanga huja kunisalimia na kuomba ushauri. Wanaingia na viatu vyenye vumbi la mgodini, wanajifutia kwenye zulia lile. Mazulia kazi yake nimeshakueleza. Basi piga hesabu mwenyewe: dhahabu iliyomo mle ni ya kutisha. Martina anafagia kila siku, lakini ufagio unaishindilia tu iingie ndani zaidi, kwa maana hiyo ni kibarua wangu bila yeye kujua.

Kama kuna dhahabu, basi sebule ni machimbo. Kama ni machimbo, mimi niliyeigundua ndiye mwenye duara, na Martina na Abel ni wenye shamba tu. Kwa desturi mwenye shamba hupewa mgawo wake akakaa pembeni. Hajawahi kusimama na chaki akawafukuza wachimbaji eti anataka kutandika manyoya. Kwa hiyo wanaostahili X katika nyumba hii ni wao. Sijawapiga kwa sababu chaki imewekwa juu ya kabati.

Naomba ofisi yako ifanye yafuatayo, ikiwezekana kabla ya Jumamosi:

(a) Izuie guta.

(b) Iitambue sebule kama eneo la mchimbaji mdogo, na kochi kama ofisi ya mgodi.

(c) Iwatafutie Martina, Abel na mtoto mahali pengine. Mimi si mkatili. Wapewe notisi, na Martina aruhusiwe kuingia kupika, maana mgodi bila chakula haufanyi kazi.

(d) Zulia jipya lihamishiwe ofisini kwako, kwenye ile sakafu yenye nyufa. Hii siyo rushwa. Ni sampuli.

Mheshimiwa, nisikufiche. Kochi likiondoka sina pa kulala Kambarage, na Didia sina cha kupeleka. Paskazia atasimama mlangoni, ataangalia mikono yangu. Mimi hadithi ninazo nyingi, lakini yule mama amezisikia zote. Ndiyo maana naomba muhuri wako.

Nisalimie mzee wa nyumbani, watoto, mjumbe wetu, akina mama wa kikoba, na hata yule muuza kahawa. Mwambie nimemsamehe ila kahawa yake ni nyepesi. Wabeja sana, yaani asante.

Ni mimi raia wako, niliyepigwa X lakini bado nimesimama,

Boaz Ngusa
(Sahihi na dole gumba, vyote, kwa uhakika)

Nyongeza: Mheshimiwa, tafadhali guta usilizuie. Samahani kwa mwandiko, naandika nikiwa juu yake, nimekaa kwenye kochi, barabara ina mashimo na pipa linanigonga kisigino. Nitampa dereva Onesmo akuletee barua akirudi. Sebule siyo machimbo tena. Lile zulia kuukuu niliwahi kuliosha uani kimyakimya mwaka jana, nikapata vifungo na jino la mtoto. Martina na Abel wabaki kwao, na zulia jipya watandike. Upande wa tope ukae chini ya meza.

Ilikuwa hivi. Asubuhi Martina alimpigia Paskazia simu, akaweka spika, amwambie kwamba vitu hivi vinakwenda kwake Didia. Mimi nilikuwa nyuma ya pipa nasikiliza, nangoja aulize habari za dhahabu. Hakuuliza. Aliulizia kochi tu. Martina akamwambia, "Lipo, mama, ila mjomba amelilalia, hataki kutoka." Nikasikia kuku wa Paskazia wanalia kule nyuma. Halafu akasema, "Lileteni hivyohivyo. Na kama amesinzia, msimwamshe."

Basi naishia hapa, Mheshimiwa. Didia imeanza kuonekana na mimi bado sijasinzia.