Hotuba ya Kumuaga Avelina, Anayekwenda Ng'ambo

Ndugu Mwenyekiti wa Tawi, Ndugu Msaidizi wa Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Balozi wa Nyumba Kumi, Baba Paroko, Mzee Ambrosi mkuu wa familia na mwenye kihamba hiki cha migomba, wazee mnaokunywa mbege, wazee mnaosubiri kunywa, na wewe binti Avelina uliyekwisha kuvaa koti la sufu: Uhuru na Umoja! (Umoja!)

Mimi, Filbert, Mratibu wa Programu ya Kubadilishana Utamaduni, kwa unyenyekevu ambao wengi wameusifu, nimepanda kutoka Moshi mjini kuwatangazia kwamba maandalizi ya safari ya binti huyu yamefikia asilimia tisini na tisa, kwani kamati ndogo imekaa, kamati kubwa imekaa kuijadili kamati ndogo, na delegesheni imefika hadi Holili mpakani kujionea ng'ambo ilivyo. (Makofi. Bibi Leonia: “Holili ng'ambo? Mbona mimi nauza ndizi kule!”)

Asante kwa mchango huo, Mama. Ni programu hii iliyomshauri Avelina aikatae nafasi ya uuguzi, naye kwa nidhamu ya hali ya juu akaikataa, akapewa mwingine. (Avelina anatazama chini.) Asilimia moja iliyobaki ni suala dogo la kiprotokoli, nalo ni kupata nchi. (Mzee Ambrosi: “Nchi gani?”) Ndiyo hiyo, Mzee, tunayoitafuta.

Na kwa kuwa naheshimu mila, nimekuja na jani la sale, ambalo mkosewa akiletewa hana budi kusamehe, hivyo namwomba Mzee alipokee kwa niaba ya familia. (Mzee haunyoshi mkono. Avelina anasimama, sauti yake haisikiki vizuri mwanzoni: “Shikamoo, Ndugu Mratibu. Aliyekosewa ni mimi. Na sale huletwa kabla ya kula mbuzi wa watu.” Anavua koti, anamwekea begani. “Vaa wewe, ukaitafute.” Vigelegele kutoka jikoni.)

Ndugu wananchi, utamaduni udumu! Mabadilishano yadumu! (Bibi Leonia: “Teremka, mwanangu, mvua inakuja.”) Nateremka, Mama, na jani langu narudi nalo. Nawashukuru kwa koti, ingawa linanibana makwapani, na zaidi nawashukuru kwa kidari cha mbuzi, maana katika programu hii yote, tangu ilipoanza, hicho ndicho kitu pekee nilichowahi kukishika kwa mkono.