Ng'ombe wa Simioni Mwenye Rangi Zote

Siku Simioni alipoingia steshenari ya Rose pale Tarime kutoa kopi ya kitambulisho, Rose alikuwa anabadilisha gauni la msimamizi wa harusi kwenye picha. Gauni lilishonwa la bluu, bibi harusi akalitaka la zambarau, na fundi ameshakula hela. Rose akafungua programu ya rangi: mraba mkubwa wenye rangi zote zikiyeyukiana, na pembeni mistari mitatu, mwekundu, wa kijani na wa bluu, kila mmoja na kidoti chake cha kusogeza. Akasogeza hiki, akarudisha kile, akagusa gauni. Likawa zambarau.

Mtu mwingine angewaza magauni. Simioni aliwaza ng'ombe.

Alikuwa naye mmoja tu, jike la kahawia, aliyemlaza kwa mjomba wake kijijini Susuni. Akampiga picha, akajipatia na kompyuta yenye programu ile. Kufika mwisho wa mwezi ng'ombe huyo alikuwa ameshauzwa akiwa mweusi, akiwa mweupe, akiwa mwekundu wa udongo wa kichuguu, na mara moja akiwa na madoa, kwa watu waliofurahia nusu ya bei ya mnadani wasiulize kwa nini. Walituma kianzio kwa simu, halafu wakaambiwa mnyama yuko karantini. Karantini ya Simioni haikuwa na daktari wala mlango wa kutokea.

Mmoja wa waliotuma ni Ezra wa Kerende, aliyebakiza ng'ombe mmoja kukamilisha mahari ya mchumba wake Elieth. Baba yake Elieth alishasema kwamba akicheleweshwa sana, kuna dereva wa Sirari naye anaulizia. Wegesa, bibi yake Ezra, alisikia habari za karantini. Alimaliza kupepeta ulezi, akajifunga kitenge chake cha kanisani, akaenda mjini kwa Simioni.

"Shikamoo bibi," Simioni akampokea, akafuta kiti kwa kiganja.

"Marahaba, mura, kijana wangu. Nasikia mashine yako inatafuta ng'ombe."

"Inatafuta. Wewe nitajie rangi tu. Nikiipatia hapa, yenyewe inapekua mazizi yote mpaka Serengeti."

Wegesa akasogeza kiti karibu na kioo. "Basi weka ya majivu."

Simioni akavuta vidoti. Ng'ombe wa kahawia akafifia, akawa kijivu.

"Hayo ni majivu ya mkaa. Mimi nataka ya kuni."

Akaongeza wekundu kidogo.

"Kuni zilizonyeshewa."

Akapunguza mwanga.

"Umepitiliza, mura. Sasa amekuwa uji."

Tumtendee haki Simioni: hajawahi kufanya kazi halali kwa bidii aliyoitia katika utapeli ule. Jasho lilimtoka. Ilipopatikana rangi, bibi akataka ncha ya mkia iwe nyeupe. Kisha sikio la kushoto lichanike kidogo. Kisha pembe moja iiname kuelekea jicho.

"Bei inapanda, bibi."

"Ipande tu. Si anapatikana?"

"Ameshapatikana."

"Yuko kwa nani?"

Simioni akaona kianzio kikielekea zizi la mtu mwingine. "Kwangu mwenyewe, Susuni."

"Yaani ni wako kabisa?"

"Wangu kabisa. Jana nimemkamua."

"Basi nichapie hiyo picha nimwonyeshe mzee anayenishauri. Uweke na jina lako, asije akapeleka hela kwa matapeli."

Simioni akaandika kwa herufi nene: MALI YA SIMIONI.

Mzee mwenyewe ni Mniko, msemaji wa ritongo, baraza la wazee wa pale Kerende. Wegesa aliitandaza picha mbele ya baraza zima, akauliza neno moja tu.

"Mnamjua huyu?"

Walimjua. Alikuwa ng'ombe wa Wegesa mwenyewe, aliyeibwa mwaka juzi akavushwa mpaka wa nchi, asionekane tena. Nusu ya wazee wale walifuata nyayo zake mpaka viatu vikakatika.

Simioni aliletwa kwa pikipiki, amebanwa katikati ya vijana wawili.

"Picha ni yako?" Mniko akamwuliza.

"Yangu, mzee. Lakini huyu ng'ombe hayupo."

"Tunajua hayupo. Aliibwa."

"Nina maana hajawahi kuwepo. Ile ni rangi tu, mimi ndiye..."

Akatupa jicho nyuma. Kwenye benchi la mwisho waliketi wanaume watatu walioambiwa ng'ombe wao yuko karantini, na mmoja alishasimama ili asikie vizuri.

"Malizia, mura," yule mwanaume akasema kwa upole. "Wewe ndiye nini na rangi?"

Simioni akapima. Akikiri rangi, atawalipa wote, leo, hapa hapa. Akinyamaza, yeye ni mwizi wa ng'ombe, ndani ya Tarime, mbele ya watu wenye fimbo.

"Mimi ndiye niliyemnunua," akasema. "Mnadani. Sikujua ni wa wizi. Nikamuuza tena, sijui alikokwenda."

"Ng'ombe kwa ng'ombe," Mniko akakata shauri.

Kesho yake jike la kahawia likatoka Susuni likapelekwa moja kwa moja kwao Elieth. Baba mtu akamzunguka, akampapasa nyonga, akamtazama meno.

"Mbona Ezra alituahidi mweusi?"

"Ng'ombe ndiye huyo," Wegesa akajibu. "Rangi zimebaki kwa Simioni."