Malalamiko Dhidi ya Mzee Aliyekataa Kuniuzia Mbwa

Ndugu Mwenyekiti wa Chama cha Wafuga Mbwa wa Kazi,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa vizuri na visigino vyako viko salama. Vyangu haviko salama, ndiyo maana naandika nikiwa nimepandisha miguu yote miwili juu ya kiti cha mteja.

Mimi ni kinyozi, yule wa kona, jirani wa fundi cherehani. Namlalamikia mwanachama wenu, mzee mnene mwenye sauti ndogo anayefuga mbwa wa kuchunga ng'ombe. Wateja wangu wamembandika jina la Mzee Maswali. Naomba afutwe uanachama, au angalau akaripiwe mbele ya watu. Sababu zangu nazipanga kwa utaratibu, maana mimi si mtu wa kupayuka.

1. Alikataa kuniuzia mbwa. Nilikwenda kwake nimevaa shati la kola, nimejinyoa mwenyewe. Akaniuliza kama nina ng'ombe. Nikamwambia nina benchi. Akauliza nani atashinda na mbwa, atakimbilia wapi, watoto wangu wana umri gani, na akinishinda nitamrudisha kwa nani. Hata baba mkwe hakunihoji vile siku ya posa, na yeye alikuwa anatoa binti! Mwishowe akasema, "Kinyozi, mbwa huyu usipompa kazi atajitafutia mwenyewe, na hutaipenda." Akanisindikiza mpaka barabarani.

2. Alikataa kwa upole. Hili ndilo kosa lake kubwa. Mtu anayeona balaa linakuja halafu analisema kwa sauti ya kubembeleza mtoto, ana tofauti gani na aliyenyamaza? Angenifokea, angenirushia kandambili, ningeelewa. Hakufanya hivyo, kwa hiyo siku ileile nikaenda kwa binamu yangu.

Binamu yangu si mwanachama wenu, na hana maswali. Ana mbwa dume mkali, wa aina ileile ya kuchunga, aliyefungwa mnyororo nyuma ya choo, na jike anayempandishia ni mtoto wa dume huyohuyo, ili, kwa maneno yake, damu nzuri isipotee nje. Watoto anawaondoa kwa mama yao kabla hawajajua hata kulamba maji. Alinikabidhi mmoja, jike, ndani ya mfuko wa saruji, kabla sijamaliza salamu. Huo ndio undugu. Tukamwita Shughuli.

3. Maneno ya mzee yametimia, na mtu ambaye kila asemalo linakuwa ni wa kuangaliwa. Shughuli alipokua alijitafutia kazi kweli. Wateja anawapanga kwenye benchi. Anayeinuka kupokea simu anang'atwa kisigino na kurudishwa. Fundi cherehani alikuja kuazima mkasi, akanyolewa bila kupenda kwa kuwa hakuachiwa njia ya kutoka. Mama mkwe alikuja kututembelea, akasukumwa taratibu mpaka bafuni, akashinda humo na wanangu watatu na kuku wa jirani, Shughuli kajilaza mlangoni, roho yake kwatu. Mama mkwe hajarudi tena. Hapo silalamiki sana.

Ila pikipiki ikipita, mbwa huyu anatetemeka mpaka anajikojolea. Wateja hucheka. Mimi nimeona macho yake na siwezi kucheka.

4. Ameniharamishia mluzi. Ninyi mna desturi ya kusaidia mbwa yeyote wa aina yenu hata kama hamkumzalisha, basi nikamwita mzee aje aone matunda ya mdomo wake. Alikuja bila kinyongo, jambo lililonikera. Akakaa kwenye benchi mchana mzima, akatazama, kisha akasema eti amri natoa mimi! Ni kweli napiga mluzi nikinyoa, hasa nikifika nyuma ya sikio. Ni kweli pia kwamba mwanzoni benchi likijaa nilifurahi, nikawa napiga mluzi na kumtupia Shughuli kipande cha mkate. Sasa mzee anasema mbwa wa kuchunga hufundishwa kwa mluzi na zawadi vivyo hivyo, na kwamba nimemfunza vizuri sana, ila ng'ombe ndio waliokosekana. Nimeagizwa ninyoe kimya. Ndugu Mwenyekiti, kinyozi asiyepiga mluzi ni sawa na daktari wa upasuaji. Wateja wameanza kuniuliza kama kuna tatizo.

5. Alimpeleka Shughuli kufungwa kizazi, kwa ruhusa ya mke wangu, nami ndiye baba wa nyumba. Nilikuwa nimekwisha kupanga tumpandishe kwa kaka yake aliyebaki kwa binamu, maana yule naye ni mwehu, na wehu wawili wakikutana huenda wakafutana. Mzee alimgeukia mke wangu. Mke wangu akachukua kamba, wakaondoka.

6. Anasema kweli hadharani. Mwenye nyumba, baada ya kupangwa kwenye benchi kama mtu wa kawaida, ametamka kwamba mwezi huu ukiisha aondoke mbwa au iondoke saluni. Asipopata pa kwenda, daktari wa mifugo atakuja na sindano, na haitakuwa ya chanjo. Nikabandika tangazo kwenye kioo: "Mbwa mpole, anapenda watoto, hana tatizo lolote." Simu zikaanza kuita. Mzee akalibandua, akaweka lake: "Mbwa jike. Anang'ata visigino. Anaogopa pikipiki. Asikae penye watoto wadogo. Anataka ng'ombe na mtu mwenye subira. Akikushinda, mrudishe kwangu." Simu zikanyamaza kimya!

Nikamuuliza kama anataka mbwa afe. Akajibu kwamba mbwa aliyetolewa kwa uongo hurudi akiwa amejeruhi mtoto wa mtu, na hapo hata yeye hataweza kumtetea. Hebu niambieni, nani hutangaza hivyo? Mimi nilipooa, kuna aliyebandika ukutani kwamba nakoroma?

Kwa hiyo naomba: mzee afukuzwe, wanachama wote wafundishwe kukataa kwa matusi, na chama kinipatie ng'ombe mmoja, hata kama amezeeka, wa kukaa kwenye benchi. Fanyeni haraka, mwezi unakatika na mimi silali.

Nisalimie katibu, mweka hazina, wajumbe wote na mbwa wao wenye maadili. Mke wangu anawasalimu. Mama mkwe hajatuma salamu.

Wenu mtiifu, mwenye kisigino kimoja kizima,
Kinyozi wa Kona

Tanbihi: Malalamiko yote sita nayafuta. Ningeichana barua, ila mke wangu anasema maji nimeshayavulia nguo, sina budi kuyaoga, niitume kama ilivyo.

Kabla sijafunga bahasha aliingia mama mmoja mfuga ng'ombe, buti zimejaa tope. Alikuwa amelisoma tangazo la mzee neno kwa neno, akasema hilo ndilo lililomleta, maana kwake hakuna mtoto wala pikipiki, na ng'ombe wake wana kwato ngumu. Lile langu, alisema, angelipita bila kusimama. Tukampeleka Shughuli kwake, mimi, mke wangu na mzee. Shughuli alipowaona ng'ombe alitulia tuli, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya. Kisha akaanza kuwazunguka. "Taratibu, mama," yule mfugaji akamwambia, naye akapunguza mwendo. Kwangu hakuwahi kupunguza.

Jua liliposhuka nilimwita tuagane. Aligeuza sikio moja, akanitazama, akarudi kwa ng'ombe wake. Nililia mbele ya wote, na wala sikujificha.