Unga wa Amino Kwenye Mlenda

Jumatatu, 4 Machi 1996. Nkuhungu.

Nimetoka hospitali na Anastazia. Daktari kasema sukari yake imepanda na uzito umezidi mno. Apunguze, arudi baada ya wiki tatu. Isiposhuka, ataanza sindano. Njia nzima mke wangu alitembea akitazama miguu yake. Mama yake alikatwa mguu kwa ugonjwa huuhuu. Mimi nilijikaza, lakini naogopa sana. Miaka kumi na tisa nimeishi na mwanamke huyu mnene anayecheka hadi kitanda kinatikisika. Siuachii ugonjwa umchukue. Mimi Gaudence, karani wa masjala, nitamponya mwenyewe.

Jumanne, 5 Machi.

Nimepata! Halfani, yule Mrangi wa Kondoa mwenye duka sokoni, ameleta kopo kubwa kutoka Dubai. Miaka ile ya maduka matupu tungekiona wapi kitu hiki? Unga wa amino. Halfani anasema amino ndizo matofali ya mwili; zikiingia, mafuta hukosa pa kukaa. Kwenye kopo kuna picha ya mzungu kifua wazi, kiuno hakuna. Anastazia ameitazama muda mrefu. Kisha kasema daktari hakumwandikia unga, na yeye hataki kufanana na yule mzungu. Mkaidi. Nitautia kwenye mlenda kwa siri.

Jumatano, 6 Machi.

Kazi imekwenda. Alipotoka kuchota maji, vijiko vinne ndani ya sufuria. Nikakoroga. Mlenda ukatoa povu kidogo. Aliporudi akaonja, akachungulia sufuria. Akanipakulia mimi kwanza, bakuli tele, maana ndiyo desturi ya nyumba hii. Nikala ili asishtuke. Yeye akala jikoni kama kawaida yake. Sasa tusubiri.

Jumapili, 10 Machi.

Ebenezer, jirani yangu na mpinzani wangu ofisini, kanishika mlangoni mwa kanisa. Anasema dawa ya sukari ni miguu. Kumbe mkewe, Ruthu, ameshaanza kumpitia Anastazia alfajiri, wanatembea hadi Kizota na kurudi. Kizota! Kule kwenye gereji, nani huenda bila gari la kutengeneza? Nimewaacha tu. Kopo litafanya kazi, kisha Ebenezer atajisifu. Nimeongeza kijiko cha tano.

Ijumaa, 15 Machi.

Siku hizi Anastazia ananipakulia mlenda mara mbili. Nikimwambia nimeshiba, anasema mume wa ofisini akikonda watu watasema ana ule ugonjwa, au mkewe hamtunzi. Ni kweli, mtaa huu ukipungua kidogo tu wanaanza kunong'ona. Kwa hiyo nakula. Suruali ya kazini imegoma kufunga. Nimemgombeza dobi kwa kuifua na maji ya moto.

Leo nimemwona mke wangu akijifunga kanga, ncha ikabaki ndefu. Haijawahi kubaki. Niligeuka ukutani asione macho yangu. Unga unafanya kazi.

Jumatatu, 25 Machi.

Hospitali. Sukari imeshuka! Kilo nne zimeondoka! Nililia mbele ya wagonjwa wote na sikujali. Kisha nikamweleza daktari siri ya kopo, nikiwa nimejitutumua. Daktari akasema hajaona unga huo ukishusha sukari ya mtu, na kwamba watu wanene mara nyingi damu yao ina amino za kutosha, pengine hata za kuzidi.

Hapo Anastazia akasema, taratibu, kwamba povu aliliona tangu siku ya kwanza. Mlenda wote alinilisha mimi. Yeye alijipikia mchicha wake, akapunguza ugali, akatembea na Ruthu. Kuumwaga ule unga aliona uchungu, kwa sababu niliununua kwa mapenzi, na ni mimi niliyeuamini.

Daktari akanipandisha mimi kwenye mizani. Tangu waliponipima nikiugua malaria Januari nimeongeza kilo sita. Sukari yangu nayo iko mpakani. Wakati wa kurudi Anastazia alinishika mkono mbele za watu, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akasema sasa ni zamu yake kuogopa. Nimeushika ule mkono mpaka nyumbani.

Jumanne, 26 Machi.

Anastazia ameamua kwamba kuanzia kesho natembea naye, na sahani yangu itakuwa sawa na yake. Nimeitikia. Kwa hali ilivyo, sina ubavu wa kumkatalia.

Mchana nimepita kwa Halfani kumlaumu. Amekiri. Anasema amino zilikuwa za kufungulia mwili tu. Sasa ameingiza majani ya chai kutoka China, yanayoondoa tumbo huku mtu amekaa. Nimechukua pakiti mbili. Anastazia akijua hatakubali niyanywe, hilo nalijua. Ila dawa yake ninayo. Nitayatia kwenye chupa yake ya chai, asione. Namjua mke wangu: akigundua nimemtilia kitu, chote atanimiminia mimi.