Nyimbo za Kwaya na Seva Yangu

Jumatatu, 9 Juni 2025. Gitega.

Egidius wa Muyinga ana seva, kompyuta ya kutunzia mafaili! Yake mwenyewe, kule nyumbani, imetunza nyimbo zote za kwaya yao. Dada Adventina, kiongozi wa kwaya yetu, kamsifu mbele ya kanisa zima. Anataka na zetu zitunzwe hivyo. Egidius na mimi tulikulia kambi moja ya wakimbizi Tanzania, na hata kule alikuwa anajidai. Wivu? Sina. Tumbo tu linauma.

Jumanne, 10 Juni

Nimemwambia Dada Adventina kazi hiyo naiweza. Mashine ya seva sina, laptop ninayo. Nitaunda kompyuta ya bandia ndani yake, niijaribie humo programu ya seva. Nimeipa karibu memori yote. Laptop imeganda! Egidius lazima alinunuliwa mashine na shemeji yake.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeipunguzia memori, imekubali! Nimeihifadhi kompyuta ya bandia ikiwa mpya kabisa, ili nikiharibu niirudishe ilivyokuwa. Kisha nikahamishia humo nyimbo kutoka simu ya Dada Adventina, hata ule wa mwisho alioimba marehemu mama yake. Simu nikaifuta, ipate nafasi. Egidius kapiga. Eti niweke nakala nje ya laptop. Nani kamuuliza?

Jumamosi, 14 Juni

Dada Adventina kaja kukagua. Mama yangu alikuwa amenifagilisha uwanja, mgeni asikute uchafu. Nikaona na kompyuta ifagiwe, maana ilijaa mafaili ya majaribio. Nikairudisha ilivyokuwa mpya. Iling'aa! Nyimbo zote zikaenda na takataka. Mungu wangu! Hakunigombeza. Aliuliza tu kama na ule wa mama yake umepotea, akakaa mkekani akalia. Fanta hakuigusa.

Jumapili, 15 Juni

Dada Adventina alimpigia Egidius jana, naye kaja na basi la asubuhi. Kumbe kwaya zetu zilibadilishana nyimbo Pasaka, naye kazitunza zote. Ule wa marehemu umepigwa kanisani, watu wakalia, vigelegele. Dada Adventina kamkumbatia. Muda mrefu sana, kwa maoni yangu! Nimeambiwa nimshukuru. Nimemshukuru, huku nimeuma meno.

Lakini kosa nimeligundua. Kompyuta ya bandia ilikuwa moja tu! Kesho naunda ya pili, itunze nakala ya ile ya kwanza. Humohumo ndani ya laptop. Egidius hawezi kuwaza kitu kama hicho.